Mchanga Usio na Barafu: Udongo wa Morotonga na Ndugu Zake wa Kaskazini

Katika somo la sayansi ya udongo kuna mada ambayo wengi wetu huikariri tu ili tuvuke UE: sifa za udongo wa kichanga wa misitu ulioundwa katika mashapo ya barafu. Unachora tabaka zake, unapaka rangi, unaandika mtihani, unasahau. Na kusema kweli, mtoto wa Serengeti barafu anayoijua ni ile ya kwenye kifuko cha nailoni inayouzwa nje ya geti la shule. Lakini mimi mada hii sikuisahau. Kwetu Morotonga, jirani na mji wa Mugumu, tunalima mchanga, na mchanga wetu una tabia nyingi zinazofanana na huo wa vitabuni, ila unatofautiana nao kwa mambo mawili matatu mazito. Na tofauti hizo ndizo zinazoamua kama kipande cha msitu kilichobaki kwenye mteremko wa familia yetu kikatwe au kiachwe.

Tuanze na hao ndugu wa kaskazini. Kama miaka 20,000 iliyopita, Kanada yote karibu, kaskazini ya Marekani na nchi za Skandinavia zilikuwa chini ya barafu yenye unene wa kilomita mbili na zaidi. Barafu ya namna hiyo haikai imetulia. Inatambaa taratibu, inakwangua miamba, inasaga mawe kama mtu anavyosaga ulezi kwenye jiwe la kusagia. Hali ya hewa ilipopata joto, barafu ikayeyuka, na maji yake yakabeba ule unga wa mawe. Kokoto zikashuka karibu, mchanga ukatandazwa kwenye nyanda mbele ya barafu, na chembe laini kabisa zikaenda mbali hadi kwenye maziwa, au zikapeperushwa na upepo. Ndiyo maana kuna maeneo makubwa kule ambayo ni mchanga mtupu: maji yalishauchambua tayari.

Juu ya mchanga huo ikaota misitu, hasa ya misonobari na jamii zake. Majani yake hayaozi haraka kwenye baridi, kwa hiyo yanalundikana, na maji ya mvua yanayopita kwenye lile lundo yanatoka yakiwa na tindikali. Tindikali hiyo inashuka kwenye mchanga, inang'oa chuma na alumini pamoja na mboji, inavipeleka chini. Ukichimba shimo unakuta kitu cha ajabu: juu majani meusi, chini yake tabaka jeupe kama majivu, halafu ghafla tabaka la kahawia iliyoiva, karibu wekundu, ambako vile vitu vilivyong'olewa vimekwama. Warusi waliuita udongo huu podzoli, kwa maneno yao mawili, "chini" na "majivu". Jimbo la Michigan kule Marekani wana udongo wa aina hii uitwao Kalkaska, na mwaka 1990 waliutangaza kuwa udongo rasmi wa jimbo. Yaani wenzetu wana udongo wa taifa kama sisi tulivyo na twiga.

Michigan nitairudia, kwa sababu kule kuna kisa ambacho mtu wa Morotonga anapaswa kukisikia.

Sasa, Tanzania tuna udongo wa barafu? Upo, lakini si pale unapodhani. Milima ya Kilimanjaro, Kenya na Rwenzori ilikuwa na barafu kubwa kuliko ya leo, na matuta ya mawe yaliyosukumwa na barafu hizo bado yanaonekana kwenye mabonde ya juu. Ila huko juu ni baridi, mvua na mboji nyingi nyeusi, na mawe yenyewe kwa Kilimanjaro na Kenya ni ya volkano. Huo si mchanga wa msitu tunaouzungumzia. Kuna na mashapo ya zamani zaidi: kusini kwenye bonde la mto Ruhuhu, chini kabisa ya matabaka ya Karoo, wanajiolojia wanaonyesha tabaka la Idusi, ambalo limetokana na barafu ya miaka karibu milioni 300 iliyopita, wakati nchi hii ilikuwa sehemu ya bara kuu la Gondwana, karibu zaidi na ncha ya kusini. Hayo mashapo yameshakuwa mwamba.

Morotonga hakuna barafu iliyopita na kuacha alama. Mchanga wetu umezaliwa palepale ulipo. Ukanda wa Mugumu na kaskazini ya Serengeti kwa kiasi kikubwa umekaa juu ya miamba ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na sehemu kubwa ni graniti. Yale mawe makubwa ya mviringo ambayo watalii huyapiga picha simba akiwa amelala juu yake ndiyo mzazi wa shamba letu. Graniti ina madini matatu makuu: kwatzi, feldispa na ulanga. Mvua na joto vikiishambulia kwa muda mrefu, feldispa na ulanga vinaoza na kugeuka kuwa mfinyanzi, huku vikiachia potasiamu, kalsiamu na vinginevyo. Kwatzi haiozi. Inabaki punje punje, ngumu, inayong'aa. Mvua ikiendelea kuuosha ule mfinyanzi na kuuteremsha bondeni, kinachobaki juu ya mteremko ni mchanga wa kwatzi. Kule kaskazini maji ya barafu yaliuchambua mchanga kwa miaka michache. Kwetu kazi hiyo hiyo imefanywa na mvua, taratibu, kwa muda ambao akili inagoma kuuhesabu.

Na hapo ndipo tofauti ya kwanza ilipo. Mchanga wa barafu ni mtoto. Umri wake ni miaka 10,000 hadi 15,000 hivi, na ndani yake bado kuna punje za feldispa ambazo hazijaoza, zinazoendelea kuachia virutubisho kidogo kidogo, kama bumu linaloingia kwa awamu. Mchanga wetu mwingi umeshamaliza akiba hiyo. Karibu na majabali bado kuna punje changa zinazomeguka, na ukiangalia vizuri utaona mahindi yaliyo chini tu ya jiwe huwa na afya kidogo. Ukisogea mbali na jiwe, kwatzi ndiyo inatawala, na kwatzi haimlishi mtu.

Yanayofanana ni mengi, na yote yanatokana na ukubwa wa punje. Kwa vipimo vinavyotumika sana, mchanga ni punje za kati ya milimita 2 na 0.05, wakati mfinyanzi uko chini ya 0.002. Punje kubwa zinaacha nafasi kubwa kati yake, maji yanapita kama kwenye chujio. Mchanga unaweza kushika milimita kama 70 za maji yanayofaa mmea kwa kila mita ya kina. Udongo tifutifu unashika 150 au zaidi. Piga hesabu ya haraka. Mizizi ya mahindi ikiwa imeshuka sentimita 60, kwenye mchanga ina akiba ya milimita 42. Jua la kwetu na mmea uliokua vinatumia kama milimita 5 kwa siku. Siku nane, akiba imekwisha. Kwenye tifutifu ni siku kumi na nane. Kwa hiyo mvua ikikatika wiki mbili mwezi wa nne, jirani mwenye tifutifu anapiga stori kijiweni, wewe mwenye mchanga unaangalia majani yanavyojikunja kama sigara.

Virutubisho navyo vinafuata njia hiyohiyo. Kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na naitrojeni ya aina ya amonia vina chaji chanya, na vinashikwa na chaji hasi zilizo kwenye uso wa mfinyanzi na mboji. Mchanga hauna uso wa kutosha. Na hata huo mfinyanzi kidogo tulio nao ni wa aina ya kaolini, ambao uwezo wake wa kushika ni mdogo mno ukilinganisha na mboji. Kilo moja ya mboji inaweza kushika mara kumi na zaidi ya kilo moja ya kaolini. Kwa lugha ya mtaani: kwenye mchanga, mboji ndiyo benki. Ukifunga benki, pesa zote ni za mfukoni, na mfuko umetoboka.

Wakulima wa Kanda ya Ziwa hawakuhitaji chuo kulijua hili. Wasukuma wana majina ya udongo kwa mpangilio wa mteremko: luseni ni mchanga wa juu, itogolo ni ule unaokauka ukawa mgumu kama saruji sehemu za chini, na mbuga ni ule mweusi wa bondeni unaopasuka nyufa kiangazi. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Alikuwa anatengeneza ramani ya udongo wa Afrika Mashariki na akaona kwamba aina zilezile zinajirudia kutoka kilima hadi bonde, kilima hadi bonde, zikiwa zimeunganishwa na maji yanayoteremka. Neno hilo sasa linafundishwa dunia nzima, na lilizaliwa Tanganyika. Kwa nini tunafundishwa podzoli kwa kurasa sita na katena kwa aya moja, mimi sijui, waulizwe wanaopanga mitaala.

Tembea Morotonga utauona mnyororo huo bila kuchimba. Juu kwenye majabali na mchanga kuna milama na miti mingine ya majani mapana. Ukishuka, migunga inaanza. Ukifika kwenye udongo mweusi unakutana na ile migunga mifupi yenye vinundu vya sisimizi, ambavyo upepo ukivuma vinapiga mluzi. Mimea inasoma udongo kuliko sisi.

Hapa niweke jambo moja sawa, maana watu wa nje wakisikia "Serengeti" wanadhani yote ni ardhi moja. Nyanda za kusini mashariki, kule nyumbu wanakozalia, udongo wake ni majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, na Ol Doinyo Lengai bado inaongezea. Ililipuka na kumwaga majivu mwaka 1966 na tena 2007. Udongo ule una madini tele ila mvua ni haba. Huku kaskazini magharibi mvua ni nyingi zaidi na madini ni machache. Nyumbu wanakuja upande wetu kiangazi kufuata maji na majani mabichi; utajiri wa udongo wameuacha kule. Tarime nako, kwenye miinuko yake yenye udongo mwekundu na migomba na kahawa, ni hadithi nyingine kabisa. Mtu wa Tarime akikushauri kuhusu shamba la Morotonga, msikilize kwa adabu, halafu chimba kwanza.

Nirudi kwenye msitu. Baba mdogo wangu ana mteremko wa juu, karibu na majabali, ambao haujawahi kulimwa tangu azaliwe. Shamba la chini limechoka. Mahindi yanatoa magunzi madogo, mihogo ndiyo inabeba familia. Likizo iliyopita aliniambia, "Mura, ule mteremko una rutuba. Angalia miti ilivyo. Tukikata na kuchoma, tunapata mkaa wa kuuza na shamba jipya." Alichosema si ujinga. Ukifyeka na kuchoma, majivu yanamwaga potasiamu, kalsiamu na fosforasi juu ya udongo kwa mkupuo mmoja, na yanapunguza uchachu. Mwaka wa kwanza na wa pili mavuno yanakuwa mazuri kweli. Kila mzee ameliona hilo kwa macho yake, na wewe mwanachuo ukienda kumwambia "udongo huu hauna rutuba" wakati amekula mahindi yake, atakuona umepotezewa ada bure.

Swali ni rutuba ile ilikuwa wapi. Kwenye msitu wa mchanga, iwe Michigan au Morotonga, sehemu kubwa ya mali haipo kwenye udongo. Ipo kwenye miti yenyewe na kwenye sentimita chache za juu zenye mboji. Mizizi inavuta kutoka chini, majani yanaanguka, yanaoza, mizizi inakamata tena kabla mvua haijateremsha. Ni mzunguko, na mti ndiye pampu. Ukichoma, naitrojeni kubwa inapaa na moshi, na vilivyobaki kwenye majivu vinakuwa havina wa kuvishika. Mvua mbili kubwa za vuli, na sehemu yake nzuri imeshapita chini ya mizizi ya mahindi.

Na hapa ndipo tofauti ya pili na ndugu wa kaskazini inapouma. Kule baridi inaihifadhi mboji. Sisi kwenye joto la nyuzi ishirini na zaidi mwaka mzima, vijidudu vinafanya kazi bila likizo. Kwa kawaida joto likipanda nyuzi 10 kasi ya kuoza inakaribia kuwa mara mbili. Kuna na mchwa, ambao hawajui Jumapili. Jani linaloweza kukaa miaka kwenye msitu wa Finland, kwetu ni miezi. Kwa hiyo ukikata chanzo cha majani, benki yetu inafungwa haraka kuliko yao.

Sasa kile kisa cha Michigan. Karne ya 19 misonobari ya jimbo hilo ilikatwa karibu yote. Mbao zake zilisaidia kuujenga upya mji wa Chicago baada ya moto wa 1871. Ardhi iliyobaki wazi iliuzwa kwa wakulima, wengi wao wahamiaji, kwa maneno hayohayo: miti mikubwa imeota hapa, basi na ngano itaota. Walilima kwenye mchanga. Miaka michache mavuno yalikuwepo, halafu yakaporomoka. Wengi walishindwa hata kulipa kodi ya ardhi, wakaondoka, na ardhi ikarudi mikononi mwa serikali. Miaka ya 1930 vijana waliokosa ajira waliajiriwa kuipanda miti upya, na sehemu kubwa leo ni misitu ya umma. Wale walikuwa na mahali pa kuhamia. Baba mdogo, upande mmoja ana majirani, upande wa pili mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, na mbele ya hayo ni hifadhi. Hana Michigan ya pili.

Nilipomweleza hivyo akaniuliza swali ambalo halimo kwenye notsi: "Sawa, nile nini mwakani?" Haki yake. Kumwambia mtu asikate msitu bila kumwonyesha shamba la chini litafufukaje ni kumtuma akate usiku.

Tulianza na chupa. Chukua chupa ya maji ya kunywa iliyokwisha, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji, tikisa sana, weka mezani. Mchanga unatua ndani ya dakika moja, tope laini linachukua saa kadhaa, mfinyanzi mpaka kesho yake. Tulifanya kwa udongo wa sehemu tatu za shamba. Chupa ya mteremko wa juu, ule wenye msitu, ilikuwa karibu yote mchanga, na maji juu yake yakawa meupe mapema kuliko zote. Baba mdogo aliiangalia muda mrefu. Ile chupa ilimshawishi kuliko maelezo yangu yote, na ningependa kila mwenzangu anayeenda fildi abebe chupa kabla hajabeba makabrasha.

Kinachofaa kwenye mchanga kinajulikana. Samadi kwanza, na wilaya yenye ng'ombe kama yetu kuilalamikia rutuba huku samadi imelundikana zizini ni jambo la kusikitisha. Kwenye mchanga usiimwage shamba zima; eneo ni kubwa, samadi ni ndogo, itapotea. Weka kwenye mashimo ya kupandia, kidogo kidogo kila msimu, kwa sababu kwenye joto letu haitadumu miaka. Udongo wa kichuguu nao usidharauliwe: mchwa wamepandisha mfinyanzi kutoka chini bure, na ukiuvunja na kuusambaza unarudisha kile ambacho mvua ilikiiba.

Mbolea ya dukani, ambayo tangu msimu wa 2022/23 ina ruzuku kwa wakulima waliojiandikisha, inafaa ila inataka akili. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Ikishageuka kuwa naitreti haishikwi na chochote, na kwenye mchanga uliokwisha lowana mvua moja ya milimita 50 inaweza kuisukuma nusu mita chini. Kwa hiyo igawanye: kidogo mahindi yakifika magotini, nyingine kabla ya mbelewele, ifukie, na usiweke siku mbingu zimefunga nyeusi. Urea nayo inaongeza uchachu mwaka hadi mwaka. Bila samadi au majivu ya jikoni kuusawazisha, mchanga unachacha haraka kwa sababu hauna kinga.

Halafu mazao. Karanga na njugu mawe zinapenda mchanga, maana zinazalia ardhini na kung'olewa kwake ni rahisi, na zinajitengenezea naitrojeni. Mihogo inavumilia uchachu. Ulezi na mtama vinavumilia zile siku nane kuliko mahindi. Mahindi tuliyahamishia kwenye ukanda wa chini, karibu na udongo mweusi, mahali ambapo virutubisho vilivyotoroka juu vimekwenda kukaa.

Mteremko hatukuumaliza mjadala wake. Baba mdogo amekata pembe moja, kama robo eka, kwa ajili ya nguzo na kuni, na amepanda mihogo hapo. Sehemu iliyobaki ameiacha, kwa sharti kwamba mashimo ya samadi yaonyeshe kitu msimu huu. Nimemwachia chupa tatu dirishani zenye alama za kalamu, na mdogo wangu wa kidato cha pili ndiye anayehesabu magunzi ya mistari yenye samadi na isiyo nayo.